Upinde wa kwanza wa mtoto: nunua kwa nguvu za leo, si za kesho

Wazazi wengi wa Bujumbura hununua sare ya shule iliyo kubwa kidogo, ili mtoto aivae mwaka huu na mwaka ujao. Kwa shati na viatu, hesabu hiyo ni ya busara. Kwa upinde ni hesabu ya hatari. Upinde unaozidi nguvu za mtoto humzoesha kuvuta vibaya, humuumiza bega, na hupeleka mshale mahali asipokusudia. Makala haya yanaeleza upinde wa kapi ni chombo cha namna gani, na jinsi ya kumchagulia mtoto anayeanza kujifunza kulenga shabaha.

Silaha ya kale, mchezo wa leo

Upinde si mgeni katika nchi hii. Kwa Kirundi huitwa umuheto, na mshale huitwa umwambi. Wapiganaji wa Mwami Mwezi Gisabo walikuwa na pinde na mikuki walipopambana na Wajerumani, kabla ya mapatano ya Kiganda ya mwaka 1903.

Katika nchi jirani ya Tanzania, Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi wangali wanawinda kwa upinde. Mtoto wao wa kiume hupata upinde mdogo akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Kadiri anavyokua, hupata mwingine ulio mgumu zaidi. Hakabidhiwi upinde wa baba yake kwa matumaini kwamba siku moja atauweza. Kanuni hiyo ya wawindaji ndiyo hiyohiyo wanayoifuata wakufunzi wa mchezo huu duniani.

Upinde wa kapi wenyewe ni wa juzi tu. Ulibuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen, wa jimbo la Missouri, aliyepewa hataza yake mwaka 1969. Uliingia katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 1995, na umekubaliwa katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028, katika shindano la timu za mwanamume na mwanamke.

Unavyofanya kazi

Upinde wa kawaida ni kipande kimoja kinachopindwa kwa upote, yaani kamba yake. Kadiri unavyouvuta, ndivyo unavyozidi kuwa mzito. Upinde wa kapi una kishikio kigumu katikati, mikono miwili mifupi, na kwenye ncha za mikono hiyo kapi, kama zile zinazopandishia tanga la jahazi. Upote na nyaya hupita juu ya kapi hizo.

Katika pinde nyingi za aina hii, kapi si duara kamili. Mvutaji hukutana na uzito wote katikati ya safari, kisha karibu na mwisho uzito hushuka kwa kiasi kikubwa, mara nyingi kati ya asilimia 65 na 85. Kwa mfano, upinde wa pauni 20, yaani kilo 9, wenye nafuu ya asilimia 70, humwachia mtoto pauni 6 tu za kushikilia anapolenga. Ndiyo maana watu husema ni upinde mwepesi. Lakini tusisahau kwamba ili kuifikia nafuu hiyo, mtoto lazima kwanza avuke pauni zote 20.

Pima kwanza urefu wa mvuto

Urefu wa mvuto ni umbali ambao mtoto anaweza kuuvuta upote kwa mkao ulio sahihi. Msimamishe mtoto, anyooshe mikono pande zote mbili bila kujikaza. Pima kutoka ncha ya kidole kirefu cha mkono mmoja hadi cha mwingine, kisha ugawanye kwa 2.5. Mtoto mwenye sentimita 130 atakuwa na urefu wa mvuto wa sentimita 52 hivi, sawa na inchi 20 na nusu.

Upinde wenye nafuu una mahali maalumu pa kusimama. Ukiwa mrefu kuliko mtoto, atajinyoosha na kupinda mgongo kuelekea nyuma. Ukiwa mfupi, atajikunja. Kwa hiyo lazima uweze kurekebishwa, na mtoto apimwe upya kila baada ya miezi michache.

Ipo pia aina isiyo na nafuu wala mwisho maalumu wa mvuto. Unaojulikana zaidi ni Genesis, uliochaguliwa kwa mpango wa kufundisha mchezo huu shuleni ulioanza katika jimbo la Kentucky, Marekani, mwaka 2002. Uzito wake hurekebishwa kati ya pauni 10 na 20, na huvutwa kwa urefu wowote kati ya inchi 15 na 30. Ule mdogo wa aina hiyo huanzia pauni 6 hadi 12. Kwa nyumba yenye watoto kadhaa faida yake ni kubwa: kaka na dada wanaweza kujifunza kwa upinde mmoja bila kuurekebisha urefu kila mara.

Kisha pima uzito

Wakufunzi wengi humwanzisha mtoto wa chini ya miaka 8 kwa pauni 6 hadi 10, wa miaka 8 hadi 11 kwa pauni 10 hadi 15, na wa miaka 12 hadi 14 kwa pauni 15 hadi 25. Hata hivyo umri haupimi nguvu. Kipimo bora ni mtoto mwenyewe.

Mketishe kwenye kiti, aunyooshe upinde mbele yake, kisha avute taratibu. Asiuinue kuelekea mbinguni wala kuusukuma chini. Akifika mwisho, ashikilie huku mkihesabu hadi kumi, kisha arudishe upote polepole mpaka mahali pake. Akitetemeka, au bega likipanda hadi sikioni, upinde huo ni mzito. Punguza. Asitie haya, wala mzazi asimtie haya.

Katika jaribio hilo upote usiachiliwe kamwe bila mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale hurudi ndani ya upinde wenyewe, na inaweza kuvunja mikono yake na kumjeruhi aliyeushika.

Jicho na mkono

Pinde za kapi hutengenezwa ama za mkono wa kuume ama za mkono wa kushoto, na moja haigeuzwi kuwa nyingine. Kinachoamua zaidi ni jicho lenye nguvu. Mtoto aunganishe viganja vyake mbele ya uso, aache tundu dogo katikati, na atazame kitu kilicho mbali kupitia tundu hilo akiwa amefungua macho yote mawili. Kisha afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu hicho ndilo la kulengea. Wa jicho la kulia huvuta upote kwa mkono wa kulia na kushika upinde kwa wa kushoto.

Mishale na vifaa vingine

Mshale mfupi mno unaweza kuanguka nyuma ya kiegemeo chake na kumchoma mtoto mkononi. Kwa anayeanza, ncha ipite kiegemeo kwa walau sentimita 5. Mshale mwepesi mno nao huudhuru upinde, karibu sawa na kuachilia upote mtupu. Mishale ya alumini humfaa anayejifunza kwa sababu ikipinda huonekana. Ile ya kaboni ikaguliwe kila mara kwa kuikunja kidogo na kusikiliza. Ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje mshale huo na uutupe.

Ongeza kinga ya mkono unaoshika upinde, kinga ya vidole, na podo. Mikono mipana ya kanzu na ncha za mtandio zifungwe vizuri zisinaswe na upote. Shabaha si lazima iwe ya dukani. Gunia lililoshindiliwa nguo kuukuu husimamisha vyema mshale wa upinde mwepesi, mradi lisiwe na vifungo wala zipu ndani.

Mahali pa kufanyia mazoezi

Hapa ndipo penye uamuzi mzito kuliko wote. Katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza nyumba zimeshikana, na nyuma ya kila ua pana ua wa jirani. Hata upinde wa pauni 15 hupeleka mshale mbali kupita ukuta, na mshale huo unaweza kuua. Kama hakuna uwanja ulio wazi, au ukuta mrefu usio na mlango wala dirisha nyuma ya shabaha, upinde usinunuliwe bado. Vilevile usipelekwe kwenye hifadhi ya Rusizi wala kulenga ndege na wanyama.

Mtoto aanzie mita 5, kisha mita 10, chini ya macho ya mtu mzima. Katika mchezo huu amri hutolewa kwa filimbi: mlio mara mbili, wapigaji wasogee mstarini, mara moja, wapige, mara tatu, waende kuchukua mishale, mara tano au zaidi, wote waache papo hapo. Baada ya mazoezi, upinde na mishale vifungiwe, kila kimoja mahali pake.

Kabla ya kulipa

Anayeagiza kutoka nje aulize kwanza ofisi ya mapato, OBR, kuhusu ushuru na vibali. Aulize pia ni nani atakayeutengeneza, kwani kubadilisha upote wa upinde wa kapi huhitaji mashine maalumu ya kuibana mikono. Fundi asiye na mashine hiyo asiufungue. Upinde uliokwisha kutumika usinunuliwe kama upote umechanika nyuzi au mikono ina ufa hata mwembamba. Na kwa joto la Bujumbura, usiachwe ndani ya gari lililofungwa juani.

Upinde unaofaa, kwa hiyo, ni ule ambao mtoto anaweza kuuvuta leo mara thelathini, akautua, na kesho akautaka tena. Misuli ikikomaa, skrubu za mikono hukazwa kidogo kwa ufunguo wa pembe sita, kwa kiasi alichoonyesha mtengenezaji. Kwa njia hiyo upinde humfuata mtoto anavyokua, naye hajeruhiwi kwa kulazimishwa kuufuata upinde.