Ordinatere na Mpangaji: Habari ya Namna Watu Walivyopanga Maandiko Yao



Katika parokia moja nilipotumwa kuwa vikari, siku moja alifika binti mmoja pamoja na mchumba wake. Ndoa yao ilikwisha kutangazwa mara mbili kanisani, tena zilibaki juma mbili tu. Binti aliomba karatasi ya ubatizo wake. Kitabu cha zamani kilikwisha kuliwa na mchwa, lakini mbele ya kuharibika kwake kijana mmoja wa biro alikuwa amekinakili chote ndani ya ordinatere. Sisi wote tulisema: kazi ni nyepesi.

Nikafungua mashini. Nikakuta fisiye zenye majina haya: "Ubatizo", "Ubatizo mpya", "Ubatizo mpya 2", "Ubatizo wa kweli", "Ubatizo wa mwisho", na nyingine zaidi ya ishirini zenye jina lile ambalo mashini huweka yenyewe kama mtu hakuchagua. Nikaiamuru ipange fisiye zote kwa tarehe. Mbele ya zote ikaweka ubatizo wa mwaka 1987, kwa sababu mtu fulani aliifungua fisiye ile juma lililopita akaihifadhi tena. Tarehe ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa tarehe ya fisiye, haikuwa tarehe ya ubatizo.

Nikatafuta siku tatu. Aliyetuokoa ni katekista mzee. Akamwuliza binti: "Mwanangu, mama yako wa ubatizo ni nani?" Aliposikia jina akasema: "Baba Padri, huyo mama alisimamia watoto siku ya Pasaka, mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji. Ni mwaka 1991." Basi tukasoma mstari kwa mstari, tukamwona binti ndani ya "Ubatizo wa mwisho". Jina lake liliandikwa kwa TSH. Mimi nilikuwa nikilitafuta kwa C.

Tangu siku ile nimejiuliza: utaratibu ni kazi ya nani? Ni ya mashini ao ya mtu? Kwa kujibu yafaa kufwata habari hii tangu zamani.

Maneno tunayotumia

Tuanze na jina lenyewe. Mwaka 1955 kampuni IBM katika Ufaransa ilitaka jina la Kifaransa kwa mashini yake mpya. Wakamwuliza Jacques Perret, mwalimu wa Kilatini kwenye Sorbonne, Paris. Alijibu kwa barua ya tarehe 16 Aprili 1955, akaleta neno "ordinateur". Alieleza kwamba neno hilo limo katika kamusi ya Littré, tena linatumiwa kumtaja Mungu anayeutia ulimwengu utaratibu. Aliona pia kwamba neno la jamaa yake, "ordination", ni la Kanisa, lakini alifikiri mambo ya ibada na mambo ya hesabu yako mbali sana, hayatachanganyika. Kwa njia hiyo mashini ya hesabu ilipata jina la sifa kubwa. Tutaona kama inalistahili.

Maneno mengine ni ya chini zaidi. "Dosye" yatoka katika neno la Kifaransa "dos", maana yake mgongo: ni fungu la karatasi lenye jina lililoandikwa mgongoni, kama fardi zetu za biro. "Fisiye" kwanza ilikuwa sanduku la kutilia fishi. Waingereza nao husema "file", yaani "filum" ya Kilatini, uzi, maana karatasi zilitungwa kwenye uzi kama shanga. Uzi, mgongo, sanduku: ni vyombo vya makarani. Walivihitaji kwa sababu karatasi zilikuwa nyingi kupita ukumbusho wa mtu mmoja.

Aleksandria na Paris

Karne ya tatu mbele ya Kristu, huko Aleksandria katika Misri, Callimachus alitengeneza orodha kubwa ya waandishi na vitabu vyao, jina lake Pinakes. Wasema ilijaza vitabu 120 vya kukunja. Aliwagawanya waandishi kadiri ya aina ya kazi yao, washairi mahali pao, wasemaji pao. Kwa kila mwandishi aliandika kifupi maisha yake na vitabu vyake. Kwa kila kitabu aliandika maneno ya kwanza na hesabu ya mistari. Sababu gani maneno ya kwanza? Kwani vitabu vingi havikuwa na jina la hakika, na maneno ya kwanza ndiyo mtu anayoyaona anapofungua. Hata leo barua kubwa za Papa twazitaja kwa maneno yao ya kwanza. Callimachus alijiuliza kwanza: anayetafuta atakuwa anajua kitu gani?

Katika karne ya 13 wadominikani wa nyumba ya Saint-Jacques, Paris, wakiongozwa na Hugues de Saint-Cher, walipanga maneno ya Biblia ya Kilatini kwa alfabeti, wakionyesha kila neno liko wapi. Wakati ule sura hazikuwa na mistari yenye nimero. Basi waligawanya sura kwa herufi A mpaka G, ili msomaji ajue kama neno liko mwanzoni, katikati ao mwishoni.

Alfabeti haijali cheo. Ndani yake "angelus" hutangulia "Deus", na mtumwa anaweza kumpita bwana wake. Kwa mwenye kufundisha, utaratibu huo hauna maana. Kwa mwenye kutafuta, ni msaada mkubwa, kwani hahitaji kujua fikara ya mpangaji. Yatosha ajue herufi. Basi tushike jambo hili: kuna utaratibu wa kufundisha na kuna utaratibu wa kutafuta, nao si mmoja.

Vitabu vya parokia

Tarehe 11 Novemba 1563 Mtaguso Mkuu wa Trento uliamuru kila paroko awe na kitabu cha ndoa, aandike majina ya wenye kuoana na ya mashahidi, siku na mahali. Sababu ilikuwa ndoa za siri: mume alimwacha mke, akaoa mwingine mahali pengine, na hakuna aliyeweza kuhakikisha ndoa ya kwanza. Mwaka 1614 Rituale Romanum ya Papa Paulo V ilitoa mfano wa kuandika vitabu vitano: cha wabatizwa, cha wenye kipaimara, cha ndoa, cha hali ya wakristu nyumba kwa nyumba, na cha marehemu.

Lakini vitabu vitano vilileta shida mpya. Mtu mmoja ameandikwa mahali pengi: amebatizwa Bukavu, amepata kipaimara Kalemie, ameoa Lubumbashi. Nani ataweka habari zake pamoja? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni 470, iliagiza kwamba kipaimara, ndoa na daraja takatifu ziandikwe vilevile pembeni ya jina la mtu katika kitabu cha wabatizwa. Sheria ya mwaka 1983, kanuni 535, imeshika agizo hilo. Kwa hiyo paroko anayefungisha ndoa Lubumbashi hupeleka habari Bukavu. Ubatizo ni kama shina la mti, na habari nyingine zote hurudi kwake.

Karta zenye tundu

Sasa tuzifikie mashini. Mwaka 1890 Marekani ilihesabu watu wake kwa mashini za Herman Hollerith, ambazo zilisoma karta zenye tundu. Mashini ya kupanga karta ilisoma safu moja tu kila mara. Kama jina lilikuwa na safu kumi, karta zote zilipitishwa tena na tena, kwa kuanza na safu ya mwisho mpaka ya kwanza. Mashini haikujua jina la mtu. Ilijua tu mahali pa tundu.

Aliyeitumia namna hiyo kwa ajili ya teolojia ni mjezuiti Roberto Busa, mzaliwa wa Vicenza katika Italia, mwaka 1913. Alichunguza fundisho la Mtakatifu Tomaso wa Akwino juu ya kuwapo, "praesentia", akaona kwamba lazima afwate neno dogo "in". Akaandika kwa mkono karta 10.000. Kiisha akatamani kufanya hivyo kwa maneno yote ya Mtakatifu Tomaso. Mwaka 1949 alimwendea Thomas J. Watson, mkubwa wa IBM, kule New York, naye akakubali kumsaidia. Karta zilitobolewa Gallarate, karibu na Milano, na zaidi na wasichana waliofundishwa kazi hiyo. Index Thomisticus ilipigwa chapa toka 1974 mpaka 1980, vitabu 56, nayo inapanga maneno yapata milioni 11. Busa alikufa mwaka 2011.

Tuangalie vema kazi hiyo ilikuwa ngumu wapi. Mashini ilipanga "est" kwenye E, "fuit" kwenye F, "sum" kwenye S. Kwake hayo ni maneno matatu yasiyo na udugu. Kila mseminari wa mwaka wa kwanza anajua kwamba ni kitenzi kimoja. Basi watu walipaswa kupitia maneno, neno kwa neno, na kuonyesha lipi ni la jamaa gani. Mashini ilikwenda mbio sana katika kupanga. Kujua udugu wa maneno kulibaki kazi ya mtu.

Mti wa dosye

Katika ordinatere za kwanza, mara nyingi fisiye za mtu zilikuwa orodha moja ndefu tu. Mwaka 1965, kule Marekani, R. C. Daley na P. G. Neumann walieleza mpango mwingine kwa ajili ya mashini iliyoitwa Multics: dosye iweze kuwa na fisiye na dosye nyingine ndani yake, toka shina mpaka matawi. Unix, iliyoanzishwa mwaka 1969, ilishika mpango huo na kuueneza. Mwaka 1981 mashini Star ya kampuni Xerox ilionyesha dosye kwa picha ya fardi ya karatasi, na Macintosh ya mwaka 1984 ikaizoeza watu wengi. Ile picha ndogo tunayoibonyeza kila siku ni mjukuu wa lile fungu lenye jina mgongoni.

Mti una shida moja: kila kitu kina tawi moja. Ruhusa ya ndoa itawekwa katika dosye ya ndoa, ao ya mwaka, ao ya barua za Askofu? Daley na Neumann waliliona jambo hilo, wakaruhusu alama ndogo katika tawi moja inayoelekeza kwenye fisiye iliyo katika tawi lingine. Wasomaji wamekwisha kutambua: ni karibu sawa na ile habari tunayoandika pembeni ya kitabu cha wabatizwa.

Herufi ni namba

Ndani ya mashini kila herufi ni namba. Mpango uitwao ASCII, wa mwaka 1963, ulipewa herufi ndogo mwaka 1967. Ndani yake tarakimu 0 ni 48, A kubwa ni 65, a ndogo ni 97. É haimo. Mashini ikifwata namba hizo peke yake, Z kubwa hutangulia a ndogo, na "Ubatizo 10" hutangulia "Ubatizo 2", maana yalinganisha 1 na 2, haiendi mbele. Siku hizi mashini nyingi zimefundishwa kusahihisha mambo hayo, lakini si zote, na fisiye zikihamia mashini nyingine zaweza kubadili mstari.

Dawa ni rahisi. Tuandike 01, 02, mpaka 10. Tarehe tuiandike kwa kuanza na mwaka, kiisha mwezi, kiisha siku, kama sheria ya mataifa ISO 8601 ya mwaka 1988. Fisiye ya Pasaka ile ingaliitwa "1991-03-31 Ubatizo", ingalikaa mahali pake hata ikifunguliwa mara mia.

Majina yetu

Linabaki jambo ambalo mashini haiwezi kutusaidia bila sisi. Hapa kwetu sauti moja yaandikwa TSH, CH ao C, kadiri ya aliyeshika kalamu. Wengine huandika Mwamba, wengine Muamba. Tena mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kikristu. Watu walishika majina ya mababu peke yake, na toka 1990 wengi wamerudia yale ya ubatizo. Basi mkristu mmoja anaweza kuwa na jina moja katika kitabu, lingine katika karta ya serikali, na lingine kinywani mwa jirani. Mashini itahesabu watu watatu. Tufanye kama Busa: jina lililo katika kitabu lisiguswe, lakini kando yake iwe safu ya majina mengine na ya maandiko mengine, pamoja na jina la wazazi na la msimamizi. Wala tusitupe nimero ya kitabu na ya ukurasa, kwani kitabu cha karatasi chenye saini ndicho shahidi. Ordinatere ni njia ya kukifikia.

Basi, wandugu, jina lile la Perret twaweza kulitumia bila kudanganyika. Mashini hupanga haraka kile ilichopewa. Anayetia utaratibu ni yule anayemfikiri mtu atakayekuja nyuma yake: paroko mgeni asiyejua wenyeji, katekista kijana, binti mwenye juma mbili tu. Callimachus alimfikiri msomaji, wadominikani walimfikiri mhubiri, mababa wa Trento walimfikiri mke aliyeachwa.

Yule binti aliolewa siku iliyotangazwa. Kesho yake nilimwita kijana wa biro na katekista mzee, tukaketi watatu mbele ya mashini, tukaanza kubadili majina ya fisiye, moja moja. Kijana alishika mashini, nami niliandika; lakini kila tulipokwama, mzee ndiye aliyesema mtu huyu ni nani.