Kwa Nini Picha za Ukoo Zinaanzia kwa Babu

Mwaka 1839 ulitangazwa mjini Paris ufundi wa Louis Daguerre wa kunasa sura katika bamba la shaba lililopakwa fedha. Haikupita miaka 10 kabla ya kamera kufika pwani yetu, kwani msafara wa nahodha Mfaransa Charles Guillain, wa 1846 hadi 1848, uliwapiga picha wenyeji. Lakini picha hizo zilikwenda Ufaransa, na waliopigwa hawakubaki na nakala.

Baadaye Wagoa, miongoni mwao A. C. Gomes, walifungua studio Unguja. Wateja wao walikuwa wakubwa wa mji na wageni walionunua postikadi. Familia za kawaida zilianza kupata picha zao karne ya 20, Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, na N. V. Parekh alipoanza kazi Mombasa katika miaka ya 1940. Watu walikwenda huko wakati wa Idi na harusi, wakiwa wamevaa nguo zao bora.

Kwa nini basi picha nyingi za ukoo haziendi nyuma zaidi ya babu? Wapo wanaosema dini ilizuia. Hoja hiyo ina uzito kwa wanawake, maana picha zao zilitunzwa ndani zisionwe na wasio maharimu. Hata hivyo Sultani Barghash wa Zanzibar mwenyewe alipigwa picha, na Waislamu walijaa studio mara tu walipomudu gharama. Naona kilichozuia zaidi ni fedha na umbali. Huko bara, wazee wengi walipigwa picha mara ya kwanza kwa ajili ya kitambulisho au pasipoti, na picha hiyo ndogo ndiyo iliyokuja kukuzwa na kutundikwa sebuleni.

Hata picha zilizopigwa hazikukaa pamoja, kwani yalikuja Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Familia nyingi za Unguja zilitawanyika, na baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka Oman mwaka 1970, wengi walihamia huko. Albamu zikagawanyika: bibi harusi yuko Muscat, mashahidi wako mtaa wa Ng'ambo, Unguja. Picha imesalimika, lakini anayejua majina ya waliomo huenda amekwisha kuzeeka au yuko mbali.

Kwa hiyo, msomaji, kaa na bibi yako angali hai, mpe picha moja moja, na uandike nyuma yake kwa penseli laini, kwa kuwa wino hupenya karatasi: ni nani, wapi, mwaka gani.