Watu mashuhuri walioipenda baleti

BALETI, dansi ya jukwaani inayosimulia hadithi kwa miondoko na muziki, imekuwa na wapenzi wengi miongoni mwa watu mashuhuri. Baadhi yao hawakuridhika kuwa watazamaji tu.

Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alicheza jukwaani mwaka 1653, akiwa na umri wa miaka 14, amevaa mavazi ya mfano wa jua. Mwaka 1661 alianzisha chuo cha kifalme cha dansi jijini Paris.

Nchini Uingereza, mchumi John Maynard Keynes alimwoa mcheza baleti wa Kirusi, Lydia Lopokova, mwaka 1925. Ukumbi wa Covent Garden jijini London, uliogeuzwa kuwa wa dansi za kawaida wakati wa Vita Kuu ya Pili, ulifunguliwa tena kwa onyesho la baleti Februari 20, 1946, Keynes akiwa mwenyekiti wa wadhamini wake. Alifariki dunia miezi miwili baadaye.

Naye Diana, aliyekuwa mke wa Charles, alitamani utotoni kuwa mcheza baleti, lakini kimo chake kilimzuia. Baada ya talaka yake mwaka 1996 aliacha ulezi wa taasisi takriban 100, akabakiza sita tu. Mojawapo ilikuwa kundi la English National Ballet.

Onyesho la baleti huhitaji wachezaji wengi, okestra na mavazi ya gharama, na mara nyingi mapato ya tiketi hayatoshi. Ndiyo maana sanaa hiyo imetegemea sana wapenzi wenye uwezo na sauti.