Historia ya Kuelewa Sirosisi ya Ini

Sirosisi, yaani hali ambayo tishu laini za ini hugeuka kuwa makovu magumu na vinundu, ilijulikana kwa madaktari kabla haijapewa jina. Mwaka 1793, Matthew Baillie, tabibu wa London, alieleza ini la namna hiyo na kulihusisha na unywaji mwingi wa pombe. Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1819 na René Laennec wa Ufaransa, mvumbuzi wa stetoskopu, ambaye alilitoa katika neno la Kigiriki linaloashiria rangi ya manjano inayoelekea kahawia, kwa sababu ndiyo rangi aliyoiona kwenye vinundu hivyo.

Kwa muda mrefu lawama ziliangukia pombe, na wagonjwa wengi wasio wanywaji wakabeba aibu isiyowastahili, hadi virusi vya homa ya ini aina B vilipotambuliwa katika miaka ya 1960, na vya aina C mwaka 1989. Leo inafahamika kwamba mafuta yanayorundikana ndani ya ini nayo huweza kuleta makovu, na kwamba chanjo dhidi ya aina B huokoa maisha.