Ukuta wa Taifa Stars: Kutoka Lagos 1980 hadi Rabat 2026

Ukiwauliza Watanzania habari za timu yao ya taifa, wengi watakutajia wafungaji. Wazee watamtaja Peter Tino, ambaye bao lake kule Ndola mwaka 1979 lilitupa sare ya 1-1 na Zambia na kutuvusha kwenda fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Vijana watawataja Mbwana Samatta na Simon Msuva. Sina ugomvi nao, kwani bao ndilo linalowainua watu vitini. Hata hivyo, mtu akitaka kujua timu yetu imetoka wapi na imefika wapi, yafaa ahesabu pia mabao tuliyofungwa. Hesabu hiyo ndiyo nakusudia kuifanya katika makala haya, mbele ya ndugu zangu tuliosoma pamoja na vijana wanaokalia madawati yetu sasa.

Tuanze na Lagos. Mwezi Machi mwaka 1980, fainali zilipochezwa nchini Nigeria, timu zilikuwa nane tu. Sisi tulipangwa pamoja na wenyeji, Misri na Ivory Coast. Tulifungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, kisha tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Nyuma tulikuwa na watu wa kutegemewa kama Leodegar Tenga na Jella Mtagwa, ambao majina yao yanatajwa kwa heshima hata leo. Hata hivyo lango letu lilipitwa mara sita katika mechi tatu. Si aibu, maana Nigeria ndiyo iliyotwaa kombe mwaka ule. Lakini tuiandike hesabu hiyo: mabao mawili kwa kila mechi.

Baada ya hapo tulikaa miaka 39 bila kuziona fainali. Sisi tuliosoma hapa katika miaka ya 1990 hatukuwahi kuishuhudia Taifa Stars katika mashindano hayo tukiwa wanafunzi. Tulikua tukisimuliwa Lagos kama mtu anavyosimuliwa habari za babu asiyemwona.

Mwezi Juni mwaka 2019 tukafika Misri, na timu za fainali sasa zilikuwa 24. Senegal wakatufunga 2-0. Kenya wakatufunga 3-2. Algeria wakatufunga 3-0. Mabao manane katika mechi tatu! Kwa haki, Senegal na Algeria ndio waliokutana katika mchezo wa mwisho, na Algeria wakawa mabingwa. Lakini mchezo ulioniuma mimi, na nadhani uliwauma wengi, ni ule wa Kenya. Tuliongoza mara mbili, kwanza kwa bao la Msuva, kisha kwa bao la Samatta, na mara zote mbili tukarudishiwa. Dakika ya 80 Michael Olunga akafunga bao la tatu. Timu inayofunga mabao mawili dhidi ya jirani yake na kurudi mikono mitupu, hiyo haina shida ya washambuliaji.

Hapo ndipo yafaa tuache kidogo timu ya taifa na kutazama vilabu, kwa maana ukuta wa Stars ulifyatuliwa matofali yake huko. Mwanzoni mwa mwaka ule ule wa 2019, Simba walikuwa katika makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Walifungwa 5-0 ugenini na AS Vita ya Kinshasa, na majuma mawili baadaye wakafungwa tena 5-0 na Al Ahly kule Misri. Walivuka kwenda robo fainali kwa nguvu ya mechi za nyumbani, wakatolewa na TP Mazembe kwa kufungwa 4-1 mjini Lubumbashi. Miaka miwili tu baadaye, katika msimu wa 2020/21, Simba hao hao waliongoza kundi lenye Al Ahly na AS Vita, na katika mechi sita walifungwa mabao mawili tu. Mlinda mlango Aishi Manula na mabeki wa pembeni Shomari Kapombe na Mohamed Husseini walikuwa wa timu hiyo. Waliokuwa wakifungwa matano walijifunza kwa kufungwa huko huko.

Upande wa pili wa mji, Yanga nao walikuwa wakikusanya. Walimchukua Bakari Mwamnyeto kutoka Coastal Union ya Tanga, Dickson Job kutoka Mtibwa Sugar ya Morogoro, na Ibrahim Hamad, maarufu kwa jina la Bacca, kutoka KMKM ya Zanzibar. Mwaka 2023 Yanga wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho. Mwaka 2024, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, walicheza na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini dakika zote za nyumbani na ugenini bila kuruhusu hata bao moja, wakatolewa kwa mikwaju ya penalti. Walinzi hao ndio waliokuwa wakiitwa timu ya taifa. Kocha wa taifa hupata siku chache tu za kukaa na wachezaji wake, na mabeki hawawezi kufundishwa kuelewana kwa siku hizo chache. Mshambuliaji mmoja mwenye kipaji anaweza kufunga peke yake. Lakini mabeki wanne wakipanda kumwacha mpinzani ameotea, na mmoja wao akabaki nyuma, kazi ya wote imepotea. Uelewano huo huja kwa kucheza pamoja juma baada ya juma.

Matunda yakaanza kuonekana. Tarehe 7 Septemba 2023, Stars walikwenda Annaba, Algeria, wakihitaji pointi moja ili wafuzu. Walitoka 0-0. Ndiyo nchi ile ile iliyotufunga matatu miaka minne kabla. Kisha, mwezi Januari 2024 katika fainali zilizochezwa Ivory Coast, tulianza vibaya kwa kufungwa 3-0 na Morocco, lakini tukatoka 1-1 na Zambia, na 0-0 na Kongo. Mchezo huo wa Kongo ulikuwa wa kwanza katika historia yetu ya fainali kumaliza bila kufungwa. Jumla, mabao manne katika mechi tatu: nusu ya yale ya Misri.

Mwezi Agosti 2025 tulikuwa wenyeji, pamoja na Kenya na Uganda, wa mashindano ya CHAN, ambayo ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Katika mechi tano tulifungwa mabao mawili, na mechi tatu hatukufungwa kabisa. Hata kufunga, walinzi walisaidia: Mohamed Husseini alifunga dhidi ya Burkina Faso, na Kapombe akafunga bao pekee dhidi ya Mauritania dakika ya 89. Tulitolewa na Morocco 1-0 katika robo fainali.

Miezi minne baadaye tukawa Morocco kwa fainali za Mataifa ya Afrika. Nigeria walitufunga 2-1, tukatoka 1-1 na Uganda na 1-1 na Tunisia, na kwa mara ya kwanza tukavuka hatua ya makundi. Tarehe 4 Januari 2026, mjini Rabat, wenyeji walitufunga bao moja tu, la Brahim Diaz, katika dakika ya 64. Miaka miwili kabla walikuwa wametufunga matatu. Jumla, mabao matano katika mechi nne.

Sasa tuziweke hesabu pamoja: mabao sita, manane, manne katika mechi tatu tatu, kisha matano katika mechi nne. Ukuta umepanda, hapana shaka.

Lakini mpenzi wa kweli wa timu hasifu tu. Katika fainali hizo nne tumecheza mechi 13, tumetoka sare tano, tumefungwa nane, na hatujashinda hata moja. Wapo wanaosema kwamba dawa ni kutafuta wafungaji zaidi. Mimi nawaomba watazame saa. Mwaka 2019 tuliongoza dhidi ya Kenya, tukafungwa bao la kutumaliza dakika ya 80. Mwaka 2024 tuliongoza dhidi ya Zambia, ambao walikuwa na mtu pungufu kwa kadi nyekundu. Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Tungeulinda ushindi ule tungevuka kwenda hatua ya mtoano. Mwaka 2025 tuliongoza dhidi ya Uganda, wakasawazisha dakika ya 80. Mechi tatu, majirani watatu, na zote zimetuponyoka katika dakika kumi na chache za mwisho. Mabao ya kutupa ushindi tulikwisha kuyafunga. Tulichokosa ni kuyatunza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tumekwisha kuujenga. Uliobaki ni ufa. Na ufa huo hauzibwi na mabeki peke yao. Unazibwa na mshambuliaji anayerudi kukaba ingawa amechoka, na kiungo anayekwenda kuuweka mpira kwenye kibendera cha kona badala ya kutafuta sifa. Unazibwa pia na shabiki anayepiga makofi mpira unapookolewa kama anavyopiga unapoingia wavuni.

Nanyi vijana mlioko shuleni, najua kwamba uwanjani kila mmoja anataka kuvaa jezi namba 9 au 10, na anayepangwa nyuma huona kama ameadhibiwa. Msione hivyo. Siku Tanzania itakaposhinda mechi yake ya kwanza ya fainali, bao litafungwa na mmoja, lakini dakika kumi za mwisho zitalindwa na wote. Bila shaka mmoja wao atakuwa beki aliyejifunza kazi yake katika uwanja wa shule kama huu wetu.