Jalada la Ndola

Mwaka 2015 kituo cha televisheni cha ITV cha Uingereza kilianza kuonesha tamthilia iitwayo Unforgotten. Katika sehemu yake ya kwanza, mifupa ya kijana inafukuliwa chini ya nyumba inayobomolewa jijini London, na wapelelezi wawili, Cassie Stuart na Sunny Khan, wanalifufua shauri la mwaka 1976. Wanasoma shajara iliyooza na kugonga milango ya watu walioheshimika. Umri wa shauri hauwi kisingizio. Mahakamani kwetu tunao msemo unaofanana na moyo wa tamthilia hiyo: jinai haiozi.

Mwaka huohuo, mwezi Machi, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, alimkabidhi Mtanzania jalada zee kuliko hilo. Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu, aliteuliwa kuongoza jopo la watu watatu lipime taarifa mpya kuhusu kifo cha Dag Hammarskjöld. Ninapowauliza wanafunzi wangu kuhusu jambo hili, wengi hawana habari nalo, ingawa tamthilia za wapelelezi wa Kizungu wanazijua kwa majina.

Ninaandika haya nikiwa Saza, katika ardhi ya dhahabu ya Lupa. Kutoka pande hizi vijana wengi wa enzi ya ukoloni walivuka mpaka wa Tunduma kwenda kutafuta kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Ndola ni mji wa ukanda huo wa shaba. Kwa hiyo mkasa huu ni wa jirani.

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege aina ya DC-6 iliyopewa jina la Albertina ilimbeba Hammarskjöld kutoka Leopoldville. Alikuwa anakwenda Ndola kuzungumza na Moïse Tshombe, ili mapigano ya Katanga yasitishwe. Baada ya saa sita usiku ndege ilipita juu ya uwanja, kisha haikutua. Watu 16 walikuwamo. Mmoja tu, mlinzi Harold Julien, alipatikana akiwa hai, akafariki hospitalini siku chache baadaye. Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ilibakiza chini ya miezi mitatu kupata uhuru.

Mabaki yalikuwa yapata kilomita 15 tu kutoka uwanjani, lakini kwa taarifa rasmi yaligunduliwa saa tisa alasiri, takribani saa 15 baada ya ajali. Lord Alport, mwakilishi wa Uingereza aliyekuwapo uwanjani usiku ule, alidhani mgeni ameamua kwenda kwingine. Maelezo hayo hayajawahi kunitosheleza. Msafara wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa unapotea angani, na wenyeji wake wanakwenda kulala!

Walikuwapo watu waliokuwa macho. Wachoma mkaa wa msituni na wakazi wengine Waafrika walisema waliona zaidi ya ndege moja, na baadhi walisema waliona moto au mwanga angani kabla ndege haijaanguka. Tume ya Rhodesia iliuweka kando ushahidi huo, ikahitimisha mwaka 1962 kwamba rubani alikosea. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka uleule haikuweza kuthibitisha sababu yoyote wala kuiondoa yoyote. Hapo ndipo ninapoona kiini cha shauri zima. Shahidi alipimwa kwa rangi yake kabla maneno yake hayajapimwa, na jalada likafungwa likiwa na tundu ambalo hakuna maabara ingeweza kuliziba.

Kilicholifungua upya ni kazi ya watu binafsi. Göran Björkdahl, Mswidi, alikwenda kuwasikiliza mashahidi hao uzeeni mwao. Mwaka 2011 mwanahistoria Susan Williams alichapisha kitabu, na mwaka 2013 tume ya hiari iliyoongozwa na Jaji Stephen Sedley wa Uingereza ikasema upo msingi wa kuchunguza tena. Nalitaja hili kwa haki: Waingereza nao wamo katika upande unaotafuta ukweli.

Jaji Othman aliwapa wachoma mkaa uzito walionyimwa. Katika ripoti yake ya mwaka 2017 alieleza kuwa inawezekana kabisa shambulio au tishio kutoka nje lilichangia ndege kuanguka. Hakusema imethibitika, na wanaharakati wanaopenda hukumu za haraka wausome vizuri uangalifu huo. Aliongeza jambo ambalo watumishi wa umma wanapaswa kulitafakari: mzigo sasa uko kwa mataifa kuonesha kwamba yamepekua kikamilifu nyaraka zao za ujasusi na ulinzi. Uingereza, Marekani na Afrika Kusini zimo miongoni mwa mataifa yaliyoombwa.

Mpelelezi wa tamthilia ana hati ya upekuzi. Othman alikuwa na barua tu, na taifa lililoandikiwa lingeweza kujibu kwa aya moja ya adabu. Desemba 2022 Baraza Kuu lilimwongezea muda tena, na maombi ya nyaraka yakapelekwa upya katika miji mikuu ileile.