Kwera domo-nene

Kwera domo-nene (Amblyospiza albifrons) ni ndege wa familia ya wasuka viota, na ndiye pekee katika jenasi yake. Huko Chekalini, Lugari, Kaunti ya Kakamega, mtafute kwenye matete ya vinamasi kando ya mito. Ana urefu wa sentimita 17 hadi 19.

Anza na mdomo: mzito, wenye shina pana, kama koleo. Dume ni kahawia iliyokoza, ana mabaka meupe kwenye paji la uso na mengine mbawani, yanayomulika anaporuka. Jike huwachanganya wengi: kahawia mgongoni, tumbo jeupe lenye michirizi mizito ya kahawia iliyokoza, bila baka lolote. Mdomo wake ndio utakaomtambulisha.

Kwa mdomo huo hupasua kokwa ngumu, zikiwemo za miti ya Celtis, hata mbegu za alizeti. Ndiyo maana hulala na kuzaliana kinamasini lakini hupanda msituni kula; kinamasi kikikaushwa, msitu peke yake haumtoshi.

Kiota chake ni kazi ya kustaajabisha. Dume huchana majani ya matete kuwa nyuzi nyembamba, akafuma tufe laini kati ya mabua yaliyosimama. Mlango huwa ubavuni. Jike akikikubali kiota, mlango huo hupunguzwa.

Huenea kutoka Sierra Leone hadi Ethiopia na Afrika Kusini. Ndege wenye midomo minene wa Marekani na Asia wanafanana naye kwa umbo la mdomo tu, wala si wa ukoo wake.